Jina Juu ya Makala: Wajibu wa Kimaadili katika Uchapishaji wa Majarida ya Kitaaluma ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza wajibu wa kimaadili wa mwandishi, mtathmini na mhariri katika uchapishaji wa majarida ya kitaaluma, hususan yale yanayochapisha tafiti za lugha ya Kiswahili. Hoja yetu kuu ni kwamba jina linalowekwa juu ya makala ni dhamana, na kwamba sehemu kubwa ya makosa ya kimaadili katika uchapishaji hutokana na jina kuwekwa pasipostahili au kuondolewa panapostahili. Tunajadili mambo manne yanayoigusa taaluma ya Kiswahili kwa namna ya pekee: umilikaji wa data za uwandani, uhusiano wa msimamizi na mwanafunzi, wizi wa kitaaluma kwa njia ya tafsiri, na ugumu wa kutathmini miswada katika jamii ndogo ya wasomi wanaofahamiana. Mwishoni tunatoa mapendekezo ambayo jarida lolote laweza kuyatekeleza bila ya gharama kubwa.

1.0 Utangulizi

Msomi anapolifungua jarida la kitaaluma hutazama kwanza mambo mawili: anwani ya makala na jina la aliyeyaandika. Anwani humwambia makala yanahusu nini. Jina humwambia ni nani atakayejibu iwapo yaliyomo yatathibitika kuwa si kweli. Maswali haya mawili hayafanani, na hili la pili ndilo linalotushughulisha hapa.

Katika vyuo vikuu vyetu mafunzo ya utafiti hutilia mkazo mbinu: namna ya kuteua sampuli, kukusanya data, kuchanganua na kuandika. Maadili ya uchapishaji hufundishwa kwa ufupi, pengine katika kipindi kimoja tu, na mara nyingi kwa kutumia mifano iliyotoka katika tiba na sayansi asilia. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi wa isimu ya Kiswahili huhitimu akijua kuwa kuiba maandishi ni kosa, lakini hajui afanye nini msimamizi wake anapotaka kutiwa jina katika makala ambayo hakuyaandika, wala hajui iwapo mzee aliyemfafanulia maana ya msamiati wa uvuvi anastahili kutajwa, na atajwe wapi.

Makala haya yanakusudia kuyajadili masuala hayo kwa kuzingatia mazingira yetu. Hatudai kwamba Kiswahili kina maadili yake kando na taaluma nyingine. Tunachodai ni kwamba kanuni zilezile, zinapoletwa katika taaluma inayotegemea vinywa vya watu na inayoandikwa katika lugha zaidi ya moja, huibua maswali ambayo waliozitunga hawakulazimika kuyajibu.

2.0 Jina na Dhamana Yake: Historia Fupi

Desturi ya kuchapisha matokeo ya utafiti katika jarida ina umri wa zaidi ya karne tatu na nusu. Mwaka 1665 kulianzishwa majarida mawili: moja Paris, mwezi Januari, na jingine London, mwezi Machi, chini ya Henry Oldenburg, aliyekuwa katibu wa Royal Society. Miongoni mwa kazi za jarida la London ilikuwa kuweka kumbukumbu ya nani alitangulia kugundua nini. Kwa hiyo, tangu mwanzo, jarida halikuwa chombo cha kusambazia maarifa tu. Lilikuwa pia daftari la kuandikia haki. Mhariri alikuwa mfano wa karani wa daftari hilo, na karani asiye mwaminifu huharibu haki za watu hata kama hajatunga uongo wowote yeye mwenyewe.

Kanuni za maandishi kuhusu nani anastahili kuitwa mwandishi zilichelewa sana kuja. Mwaka 1978 wahariri wa majarida ya tiba walikutana Vancouver, Kanada, na kundi lililotokana na mkutano huo ndilo lililokuja kuweka masharti ya uandishi yanayotajwa zaidi leo. Kwa mujibu wa masharti hayo, mwandishi ni yule aliyechangia kwa kiasi kikubwa katika kubuni utafiti, au kupata data, au kuzichanganua. Akashiriki kuandika au kusahihisha maudhui. Na akaidhinisha nakala ya mwisho. Mwaka 2013 liliongezwa sharti la nne: kukubali kuwajibika kwa kazi nzima. Mwaka 1997 kundi jingine la wahariri, nchini Uingereza, liliunda kamati ya maadili ya uchapishaji ambayo siku hizi hutoa miongozo kwa majarida ya fani zote.

Sisi wa Kiswahili hatuhitaji kwenda Vancouver ili kuliona tatizo. Mwaka 1903 Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin, alichapisha kitabu cha Kiswahili kuhusu desturi za watu wa pwani. Jina lililowekwa juu ya kitabu lilikuwa lake. Sehemu kubwa ya matini ile iliandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari, msomi kutoka eneo la Bagamoyo, ambaye tangu mwaka 1900 alikuwa akifundisha Kiswahili katika chuo hichohicho cha Berlin. Msomaji alipaswa kuingia ndani ya kitabu ndipo alikute jina lake. Mtoro alifariki mwaka 1927. Ilipofika mwaka 1981, katika tafsiri ya Kiingereza iliyohaririwa na J. W. T. Allen, ndipo jina lake lilipopandishwa hadi kwenye anwani ya kitabu. Zilikuwa zimepita takriban miaka 78.

Kisa hiki chaweza kusomwa kama kisa cha ukoloni, na hakika ni hivyo. Lakini itakuwa ni kujidanganya tukikisoma kama cha ukoloni pekee. Uhusiano wa Velten na Mtoro, yaani uhusiano wa mwenye nafasi ya kuchapisha na mwenye maarifa, haukuondoka na ukoloni. Umehamia ndani ya vyuo vyetu, na pande zote mbili sasa ni sisi.

3.0 Wajibu wa Mwandishi

3.1 Data za Uwandani ni za Nani?

Hapa inatupasa tuanze na kosa letu wenyewe. Mwaka 1998, tulipokuwa tukikusanya data za tasnifu ya uzamili katika kijiji kimoja cha kusini mwa Unguja, tulimwajiri kijana wa hapo kijijini atusaidie kunukuu kanda za mazungumzo. Kazi yake ilikuwa kusikiliza na kuandika, na tulimlipa kwa kila kanda. Jioni moja alitujia na daftari lake. Alikuwa amepanga vitenzi katika safu mbili, akatueleza kwamba tofauti ambayo sisi tulikuwa tumeiandika kuwa ni ya mitaa miwili kwa hakika ilikuwa tofauti ya rika: wazee wa mitaa yote miwili walisema hivi, na vijana wa mitaa yote miwili walisema vile. Tulizirudia kanda zote. Alikuwa amesema kweli.

Uchunguzi huo ukawa sura moja ya tasnifu yetu, na baadaye ukawa makala. Katika makala yale tuliandika, kwenye tanbihi, kwamba tunamshukuru msaidizi wetu wa utafiti. Jina hatukulitaja. Hatukuficha kwa makusudi. Tulifuata tu mazoea tuliyoyakuta.

Mwaka 2011 tulirudi kijijini pale tukiwa na nakala ya jarida. Yule kijana alikuwa sasa mwalimu wa shule ya msingi. Aliyasoma makala yote tukiwa tumekaa barazani, kisha akauliza: "Mwalimu, mimi niko wapi humu?" Tukamwonyesha tanbihi. Aliisoma, akalifunga jarida, akatukaribisha chai.

Makala yale hayakuwa na uongo katika data zake. Kila mfano ulikuwa sahihi na hitimisho lake lingali linasimama. Lakini yalimdanganya msomaji katika jambo moja: yalimfanya aamini kwamba aliyeliona jambo lile ni sisi. Tukipima kwa masharti yaliyotajwa katika sehemu ya 2.0, mtu yule alichangia katika uchanganuzi, na kwa kiasi kikubwa. Alichokosa ni nafasi ya kushiriki kuandika, na nafasi hiyo aliikosa kwa sababu hatukumpa. Hapa pana udhaifu wa masharti yenyewe: yakitumiwa kwa herufi bila ya nia, mwenye kalamu aweza kumnyima mwenzake sharti la pili, kisha akamhukumu kwa kutolitimiza.

Kutokana na hayo, tunapendekeza kutofautisha ngazi tatu za mchango. Kwanza ni mtoa taarifa, anayesema lugha yake nasi tukarekodi. Pili ni msaidizi, anayenukuu, kutafsiri au kupanga data kwa maelekezo yetu. Tatu ni mchanganuzi, anayeona ruwaza na kuieleza. Wa kwanza na wa pili wanastahili shukrani zenye majina, wakiridhia. Wa tatu anastahili kualikwa awe mwandishi mwenza, awe na shahada au asiwe nayo. Mipaka ya ngazi hizi si kuta. Mtu aweza kuingia kazini asubuhi akiwa msaidizi, na ikifika jioni akawa mchanganuzi. Ni juu ya mtafiti kuuona mvuko huo unapotokea.

Yapo mazingira ambamo kutaja jina ni kumdhuru mtu, kwa mfano utafiti wa lugha ya wafungwa, au wa matusi, au wa migogoro ya kisiasa. Katika hali hizo usiri ni wajibu. Lakini usiri ni haki ya mtoa taarifa, na yeye ndiye anayepaswa kuulizwa. Mtafiti anayeficha majina ya wazee waliomfundisha methali na nahau, bila ya kuwauliza, halindi siri yoyote. Anajipunguzia tu wadai.

3.2 Msimamizi na Mwanafunzi

Suala la pili ni la msimamizi kutiwa jina katika makala yanayotokana na tasnifu ya mwanafunzi wake. Zipo idara zinazolichukulia jambo hili kuwa haki ya msimamizi, na zipo zinazoliona kuwa unyang'anyi. Kwa maoni yetu pande zote mbili zinajibu swali lisilo sahihi. Jambo la kuuliza ni je, alifanya nini? Cheo chake hakimo katika swali hilo. Msimamizi aliyependekeza nadharia, akaupanga upya uchanganuzi, akaandika upya sehemu za mswada, huyo ni mwandishi mwenza. Msimamizi aliyesoma sura, akasahihisha tahajia na kuelekeza marejeo, amefanya kazi anayolipwa mshahara kuifanya, na mahali pake ni katika shukrani. Wahenga walitahadharisha kwamba usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Wengi wetu tuliwahi kuwa mabaharia.

Kuna upande wa pili wa jambo hili ambao hausemwi sana: hatari iliyopo kwa mwanafunzi. Mwaka 2011 iligundulika kwamba Diederik Stapel, profesa wa saikolojia ya jamii katika Chuo Kikuu cha Tilburg, Uholanzi, alikuwa akizua data kwa miaka mingi. Ripoti ya mwisho ya uchunguzi, iliyotolewa mwaka 2012, ilibaini udanganyifu katika makala zaidi ya 50, na pia katika data za tasnifu 10 za uzamivu. Wenye tasnifu hizo hawakujua; data waliletewa na profesa, tayari kwa kuchanganuliwa. Waliofichua jambo hilo walikuwa watafiti vijana watatu. Funzo hapa ni kwamba jina likiwekwa juu ya makala hubeba mzigo wote wa makala, pamoja na ule ambao mwenye jina hakuuona. Mwanafunzi anayekubali kutia jina lake kwenye data asizowahi kuziona katika asili yake amesaini hati bila ya kuisoma. Kadhalika msimamizi anayejitia katika makala ya mwanafunzi asiyoyasoma.

3.3 Wizi kwa Njia ya Tafsiri

Wizi wa kitaaluma kwa kawaida huelezwa kuwa ni kutumia maneno au mawazo ya mwingine kana kwamba ni yako. Fasili hii ni sahihi, lakini katika mazoea ya kila siku tumelishikilia neno la kwanza na kulisahau la pili. Tunatafuta maneno yaliyofanana. Programu za kubaini wizi nazo kwa kawaida hulinganisha mfuatano wa maneno, na kwa hiyo matini iliyotoka Kiingereza ikaja katika Kiswahili huweza kupita bila ya kuguswa.

Hapa ndipo taaluma yetu ilipo dhaifu zaidi. Nadharia nyingi tunazozitumia zimeandikwa kwa Kiingereza, na kuzieleza kwa Kiswahili ni kazi halali tena yenye manufaa makubwa. Lakini kuna tofauti kati ya kueleza na kuhamisha. Tuchukue mfano mwepesi. Fasili ya neno kuwa ni umbo huru lililo dogo kuliko yote hutokea mara nyingi katika vitabu na tasnifu za mofolojia ya Kiswahili, mara nyingine bila ya kutajwa kwamba ilienezwa na Leonard Bloomfield kupitia kitabu chake cha mwaka 1933. Mtu aweza kujitetea kwamba fasili hiyo imekwisha kuwa mali ya umma. Utetezi huo una nguvu kiasi. Lakini hebu tuongeze ukubwa wa mfano: aya nzima ya uchambuzi wa kifonolojia, pamoja na mpangilio wa hoja zake na mifano iliyobadilishwa lugha tu, ikaletwa kwa Kiswahili bila ya chanzo. Hapo hakuna umma unaoimiliki. Ni kazi ya mtu mmoja aliyevuliwa jina.

Kipimo tunachokipendekeza ni hiki: je, msomaji asiyekijua chanzo ataamini kwamba wazo hili ni la mwandishi? Ikiwa ataamini hivyo, na si hivyo, basi chanzo lazima kitajwe, hata kama hakuna neno hata moja lililofanana. Kipimo hiki hufanya kazi pande zote mbili. Yapo pia makala ya Kiingereza yanayochukua hoja zilizokwisha kujadiliwa na waandishi wa Kiswahili katika majarida ya Dar es Salaam, Zanzibar au Nairobi na kuzitoa kana kwamba ni mpya. Msomi anayeyaacha majarida ya Kiswahili kwa kisingizio kwamba ni ya lugha ya kienyeji, ilhali anaisoma lugha hiyo na kuiandikia vitabu, hana udhuru.

Programu za akili unde zimelifanya tatizo hili kuwa jepesi kutendeka. Zaweza kutafsiri na kufupisha makala kwa muda wa dakika chache. Mwaka 2023 kamati ya maadili ya uchapishaji tuliyoitaja ilitoa msimamo kwamba programu za namna hiyo haziwezi kuwa mwandishi, kwa kuwa haziwezi kuwajibika. Msimamo huo unarudi kwenye hoja yetu ya mwanzo. Kisichoweza kuulizwa hakiwezi kutoa dhamana; kwa hiyo anayeitumia programu ndiye anayeulizwa, kwa kila sentensi.

3.4 Utafiti Mmoja, Lugha Mbili

Kupeleka mswada mmoja kwa majarida mawili kwa wakati mmoja ni kosa linalofahamika: hupoteza muda wa watathmini na huweza kuzaa makala pacha. Lakini vipi kuhusu utafiti uliochapishwa kwa Kiingereza, kisha ukachapishwa kwa Kiswahili? Wapo wanaoliita jambo hili kurudufu. Sisi tunaliona kuwa lafaa, na hata kuwa ni deni tunalodaiwa na wasemaji wa lugha tunayoichunguza, ili mradi masharti matatu yatimizwe: toleo la kwanza litajwe waziwazi katika ukurasa wa kwanza, wahariri wa majarida yote mawili waridhie, na mwandishi asiyahesabu kuwa ni makala mawili anapoomba kupandishwa cheo. Sharti la tatu ndilo gumu, kwa kuwa hakuna anayelisimamia isipokuwa dhamiri.

4.0 Wajibu wa Mtathmini

Mtathmini, yaani msomi anayepewa mswada ausome na kuushauri uhariri, hufanya kazi bila ya jina. Utaratibu wa kumficha mwandishi kwa mtathmini na mtathmini kwa mwandishi umewekwa ili kila mmoja awe huru. Katika fani yenye maelfu ya wasomi utaratibu huu waweza kufanikiwa. Katika isimu ya Kiswahili, mswada wenye data za Kipemba, unaotumia nadharia fulani, na unaonukuu tasnifu fulani mara saba, hauna siri. Mtathmini huwa amemjua mwandishi kabla ya kumaliza ukurasa wa pili.

Kwa hiyo, hapa kwetu, usiri hauwezi kuchukua nafasi ya uadilifu. Mtathmini anayegundua kwamba mwandishi ni mwanafunzi wake, mshindani wake, au mtu waliyewahi kugombana, anapaswa kumwarifu mhariri na kuurudisha mswada. Asiyetumia muda wake kusoma naye aurudishe mapema. Yaliyomo katika mswada ni amana: haruhusiwi kuyatumia, kuyafundisha wala kuyadokeza kwa wengine kabla hayajachapishwa.

Kuna kosa jingine la watathmini ambalo pengine halionekani kuwa la kimaadili. Ni kuukataa mswada kwa sababu ya msamiati wa upande wa pili wa mpaka. Mwandishi wa Kenya akiandika vokali, mtathmini wa Tanzania hukata na kuandika irabu. Mmoja akiandika nomino, mwingine hutaka jina. Kupendekeza ulinganifu wa istilahi ni haki ya jarida. Kuutumia kama sababu ya kukataa utafiti ni dhuluma, kwa kuwa mwandishi anahukumiwa kwa mahali aliposomea badala ya ubora wa hoja zake. Mtathmini anatakiwa kutenganisha mambo matatu katika ripoti yake: yaliyo makosa ya ukweli, yaliyo udhaifu wa hoja, na yaliyo mapendeleo yake binafsi. La tatu lisihesabiwe katika uamuzi.

5.0 Wajibu wa Mhariri

Mhariri ndiye mwenye mamlaka kubwa kuliko wote, na ndiye anayeulizwa kidogo kuliko wote. Tutataja wajibu wake katika mambo matatu.

Kwanza ni muda. Vyuo vikuu kadhaa vya Afrika Mashariki humtaka mwanafunzi wa uzamivu awe amechapisha makala kabla ya kutunukiwa shahada. Mswada unaokaa katika kabati la mhariri kwa miaka miwili bila ya jibu si mswada uliochelewa tu. Ni shahada iliyochelewa, na ajira iliyochelewa. Ngojangoja huumiza matumbo. Jibu la kukataa, likitolewa mapema na kwa sababu, ni heshima kubwa kuliko ukimya.

Pili ni fedha. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha taarifa ya John Bohannon, aliyetuma mswada bandia wenye makosa ya wazi ya kisayansi kwa majarida 304 yanayosomwa bila malipo, mengi yakitoza waandishi ada. Majarida 157 yaliukubali. Kutoza ada si kosa kwa wenyewe. Karatasi, mtandao na wahariri vina gharama. Kosa ni kuuza kukubaliwa. Jarida lililo adilifu huitangaza ada yake kabla ya mswada kupokelewa, na uamuzi wa kitaaluma hufanywa na mtu asiyejua kama ada imelipwa. Mwanafunzi naye ajihadhari na jarida linaloahidi kutathmini na kuchapisha ndani ya siku tatu. Muda huo hautoshi hata kuusoma mswada.

Tatu ni masahihisho. Mwaka 1998 jarida la The Lancet lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake 12 yaliyohusisha chanjo ya surua na usonji kwa watoto. Mwaka 2004 waandishi wenza 10 walijitenga na tafsiri iliyotolewa. Makala yenyewe hayakubatilishwa hadi mwaka 2010. Kwa muda wa miaka 12 yalibaki yakinukuliwa, na wazazi wengi wakaogopa kuwachanja watoto wao. Kosa la fonolojia halimuui mtoto, na hatuna haja ya kutia chumvi. Lakini jarida lisilo na njia ya kujisahihisha linawafundisha wasomaji wake kwamba kilichochapwa hakiwezi kuguswa.

Tunalisema hili kwa uchungu. Baada ya safari ya mwaka 2011 tulimwandikia mhariri wa jarida lililochapisha makala yetu, tukiomba ichapwe nyongeza fupi inayomtaja mwenzetu yule kuwa ndiye aliyeiona ruwaza. Tulijibiwa kwamba jarida halina utaratibu wa kurekebisha matoleo ya miaka iliyopita. Tulipomwomba yeye mwenyewe ruhusa ya kumtaja katika makala haya alikataa kwa upole. Jina lake, alisema, lilikuwa na mahali pake, na mahali penyewe si hapa.

6.0 Mapendekezo na Hitimisho

Kutokana na mjadala huu tunapendekeza mambo matano. Moja, kila jarida la Kiswahili liwatake waandishi waambatishe maelezo mafupi ya nani alifanya nini: aliyebuni, aliyekusanya, aliyenukuu kanda, aliyechanganua na aliyeandika. Maelezo hayo hayazidi mistari mitano. Mbili, idara ziweke makubaliano ya maandishi kuhusu uandishi wenza baina ya msimamizi na mwanafunzi mwanzoni mwa utafiti, kabla ya kupatikana chochote cha kugombania. Tatu, mwandishi atamke iwapo sehemu yoyote ya makala ni tafsiri au muhtasari wa kazi iliyochapishwa kwa lugha nyingine. Nne, kila jarida litangaze muda wa juu wa kujibu mswada na liuheshimu. Tano, kila toleo liwe na ukurasa wa masahihisho, hata kama mara nyingi ukurasa huo utakuwa mtupu.

Jarida kongwe la taaluma yetu lina mizizi katika Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, ikapitia TUKI na kufika TATAKI mwaka 2009. Wasomi wa vizazi hivyo vyote wamejenga hazina ambayo sisi tunainukuu kila siku. Waliotajwa tunawajua. Waliosahauliwa hatuna njia ya kuwajua wote, na wengi wao hawatarudishiwa haki yao. Kinachowezekana ni kuhakikisha kwamba orodha ya waliosahauliwa haiongezeki kwa mikono yetu. Ndiyo maana tunamshauri mtafiti anayejiandaa kutuma mswada wake aupitie kwa mara ya mwisho akiwa na swali moja tu. Ni lile tuliloulizwa barazani mwaka 2011, na ni afadhali ajiulize mwenyewe sasa kuliko kuulizwa baadaye na mwenye haki.